Mjapani wa Nasra, Mwingereza wa Mudrick

Siku ya Jumamosi mtu mwenye akili haendi soko la Majengo na gari. Nasra Mustapha akili alikuwa nazo, tena za kumwaga, maana kutwa alishinda na takwimu za wizara kule Mtumba. Lakini siku hiyo baba yake alitamani zabibu na kuku wa kienyeji, na jua la Dodoma halikuwa la kutembea nalo kichwani. Akaja na gari. Na gari lenyewe si la kupita sokoni watu wasigeuke: Datsun 240Z, rangi ya chungwa, pua ndefu, mgongo unaoteremka taratibu mpaka nyuma, injini ya silinda sita inayounguruma hata ikiwa imetulia. Mzee Mustapha alilitunza tangu ujana wake, na macho yalipoanza kumsaliti akamkabidhi binti yake ufunguo.

Nasra alizunguka, akazunguka tena, mwishowe akaona nafasi moja mbele ya maduka ya khanga. Akawasha indiketa. Kabla hajaingia, gari jingine likatokea upande wa pili na kutia pua palepale. Lilikuwa dogo, la kijani kibichi, paa la turubai limekunjwa nyuma, bampa la kromu, rimu za spoku zinametameta. MGB ya Kiingereza, ya zamani zile. Kwenye usukani alikaa kijana mrefu, shati jeupe limekunjwa mpaka viwikoni, ndevu zimechongwa zikachongeka, miwani ya jua ameipandisha juu ya kichwa.

"Dada, rudi nyuma kidogo," alisema.

"Kaka, rudi wewe. Mimi nimewahi."

"Umewahi wapi? Pua ndiyo imewahi, wewe mwenyewe uko bado barabarani."

"Ndiyo faida ya kuwa na pua. Wewe yako iko wapi?"

Wauza nyanya wakacheka. Majengo haikosi watazamaji, na muda si muda kila upande ulikuwa na mashabiki wake. "Mjapani usirudi!" alipiga kelele mama mmoja mwenye beseni la bamia. "Mwingereza, kaza hapohapo!" akajibu muuza mitumba. Nyuma yao bajaji zilikuwa zinapiga honi kama harusi.

Nasra alishuka. Alivaa gauni refu la bluu na mtandio mweupe, mkononi bangili nyembamba, na alitembea bila haraka kuizunguka ile MGB kama mtu anayechagua mbuzi mnadani. Alipenda alichokiona, ila hakutaka kionekane usoni.

"Zuri," alisema. "Na injini ni ya kwake, au mmeshamfungia ya Noah?"

Watu wakaangua kicheko. Yule kijana naye alicheka, lakini akachelewa kidogo.

"Ya kwake," alisema. "Kama alivyozaliwa nayo. Hili halijachezewa, dada yangu."

"Basi hongera. Sasa rudi nyuma."

"Narudi, kwa sharti moja. Namba ya simu."

"Ya gari au yangu?"

"Ya gari naiona hapo mbele."

Akarudi nyuma. Alipokuja kupata nafasi yake, Nasra alikuwa ameshanunua zabibu, na kijana akamnunulia juisi ya miwa, wakainywa wamesimama juani kama watu wasio na kwao. Jina lake Mudrick, mpima ardhi, nyumbani kwao Kondoa. Nasra naye wa Kondoa, kwao Kolo kule milimani, ingawa kakulia Nkuhungu. Wakaulizana ukoo wa nani na wa nani, wakahakikisha si ndugu, na wote wawili wakashukuru Mungu moyoni bila kusema.

Basi mapenzi yakaanza, na mapenzi yao yalikuwa na magurudumu. Wengine wakipigiana simu wanaulizana umekula nini. Hawa wawili waligombana.

"Laazizi," Mudrick angeanza, "nimekaa nikawaza. Mjapani wako alimwiga Mwingereza. Tazama kabureta zako mbili. Mlijifunza wapi?"

"Tulijifunza kwenu, tukawapita. Wewe silinda nne, mimi sita. Wewe gia nne, mimi tano. Ndugu zake huyu walishinda Safari Rally, matope mpaka madirishani. Wenu walishinda nini?"

"Mioyo ya watu."

"Toka hapa! Watu gani wanatengeneza gari halina paa, na kwao mvua haikatiki?"

"Watu wenye matumaini, kipenzi. Mwingereza ni gari la kuliheshimu. Unalifuta vumbi kwa mkono, unalisikiliza, humpi mtu hovyo. Mjapani ni mtumishi. Anafanya kazi, sikatai, lakini ni mtumishi."

"Mtumishi anafika safari. Bwana mkubwa wako akisikia Kondoa anaanza kukohoa."

Wangecheka mpaka salio liishe, kisha mmoja angenunua kifurushi waendelee. Siku za mapumziko walikuwa wanatoka, magari yote mawili, mmoja mbele mwingine nyuma, njia ya Msalato mpaka Mayamaya, wananunua mahindi ya kuchoma na kukaa kwenye boneti la Datsun. Kwenye boneti la MGB hapakaliwi. Kwa kweli kwenye MGB mengi yalikuwa hayafanyiki. Boneti halifunguliwi barabarani, vumbi litaingia. Muziki haupunguzwi. Na usukani haushikwi na mtu yeyote isipokuwa mwenyewe.

"Hata mimi?" Nasra aliuliza mara ya kwanza, akidhani ni utani.

"Hata mama yangu mzazi."

"Mimi lako naliomba mpaka pale kwenye mti tu. Langu si unaendesha unavyotaka?"

"Lako anaendesha kila mtu, Nasra. Fundi anaendesha, Zaitun wa ofisini kwako anaendesha, juzi nimemwona jirani yenu anaenda nalo kununua gesi. Hata mimi naona wivu, nikikaa kwenye kiti nakuta kimesogezwa na mtu nisiyemjua." Hapo alikuwa hatanii tena. "Kitu ukikipenda unakifungia."

"Kitu ukikipenda unakigawa," Nasra akasema, na ubishi ukaishia hapo. Lakini neno lile lilimkaa. Alikuwa akipanda ile MGB, kiti cha kushoto, upepo unacheza na mtandio wake, anautazama ule usukani wa mbao kama mtoto anavyotazama pipi za dukani. Na kwa vile masikio yake yalikuwa yamejaa sauti ya Mudrick na muziki wa Mudrick, wala hakuwahi kusikiliza kitu kingine humo ndani. Binti wa Mzee Mustapha, asisikilize injini! Mapenzi yanaziba masikio jamani, yasikieni hivyohivyo.

Posa ikapangwa Jumapili, baada ya swala ya alasiri. Wazee wa Mudrick wangetoka Kondoa asubuhi, na mshenga wao, Mzee Abdulwahab, alikuwa ameshapiga simu kuuliza kama nyumba ya Nkuhungu inafikika kwa basi dogo. Tangu Ijumaa shangazi Tabu alikuwa ameingia na sufuria zake. Nasra alipakwa hina mikononi, akaambiwa atulie ndani, asionekane onekane.

Nani atulie? Jumapili asubuhi mchele ulipungua, na Nasra akapata kisingizio. Alichukua Datsun akateremka mjini, akanunua mchele, na wakati wa kurudi akawa amesimama kwenye mzunguko akisubiri zamu yake. Hapo ndipo alipoiona.

MGB ya kijani ilipita mbele yake, paa limekunjwa, taratibu, kama inaonyeshwa kwa watu. Kwenye usukani alikuwa mwanamke. Gauni la kitenge cha manjano, mikono wazi, midomo imekolea rangi nyekundu, hereni kubwa zinacheza, kitambaa cha kichwa kinapepea nyuma. Anabadilisha gia kwa mkono wa mtu aliyezoea. Na kando yake, kwenye kiti cha kushoto, kiti cha Nasra, alikaa Mudrick. Alikuwa anacheka.

Damu ilimpanda Nasra mpaka machoni. Si kwamba walikuwa wameshikana, hawakushikana. Si kwamba walikuwa wanatazamana. Yule mwanamke alitazama barabara. Ingekuwa nafuu wangeshikana! Mkono angeweza kusamehe. Usukani ule alinyimwa yeye, mchumba, mwenye hina mpaka kwenye kucha, usukani ambao hata mama mzazi hakupewa, leo umo mikononi mwa mwanamke wa hereni, mchana kweupe, siku ya posa yake!

Nyuma magari yakampigia honi. Akasogea pembeni, akapiga simu.

"Mpenzi," Mudrick aliitikia, muziki unasikika kwa mbali kisha ukazimwa. "Mwali hapigi simu siku ya posa."

"Nimekukumbuka tu. Uko wapi?"

"Niko saiti, mama. Msalato. Kuna viwanja vya mtu napima mara moja, halafu nakwenda kuwapokea wazee."

"Uko na nani?"

"Peke yangu na jua langu. Kwa nini?"

"Basi tu," alisema Nasra. "Kazi njema."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini haimpunguzii maumivu aliyedanganywa. Nasra alirudi nyumbani na mchele, akauweka jikoni, akaingia chumbani, akajifungia. Hakulia. Wivu ukizidi unakausha hata machozi. Alikaa kitandani anaona manjano tu, manjano na nyekundu, na ile gia inavyoingia bila kukwaruza. Yule mwanamke hakuwa anajifunza. Alikuwa ameizoea. Maana yake si leo peke yake.

Wazee wakaja. Alisikia salamu, shikamoo na marahaba zikipishana sebuleni, alisikia kicheko cha baba yake, baba yake ambaye tangu mkewe afariki alikuwa hacheki kwa sauti. Akasikia Mzee Abdulwahab anakohoa na kuanza maneno yake ya kuzungukazunguka, kwamba wamepita njia wakaona ua kwenye nyumba hii. Kisha mlango wa chumbani ukagongwa, akaingia shangazi Tabu na wanawake wawili wa makamo, mashahidi, wamejitanda khanga mpya.

"Nasra mwanangu," alisema shangazi kwa sauti ya kazi, "imekuja posa ya Mudrick. Baba yako anauliza, umeridhia?"

Nasra alitaka kusema hapana. Neno lilikuwa tayari, limejaa mdomoni. Lakini alijua likitoka hilo moja yatafuatana na mengine, ya hereni, ya midomo, ya uongo wa Msalato, na wageni wa watu kutoka Kondoa watasikia kupitia pazia, na baba yake atasikia. Akafunga mdomo. Akawaza, shangazi ananijua. Mimi ninayesema kutwa mpaka ninaambiwa nipumzike, nikinyamaza hivi mtu mwenye akili atajua kuna jambo. Akamkazia shangazi macho makavu, akabana meno, akanyamaza.

"Umeridhia?" shangazi akarudia.

Kimya.

"Mwali akinyamaza, karidhia!" Shangazi Tabu aligeuka, akatupa vigelegele mpaka dirisha likatetemeka, na wale mashahidi wawili wakadakia. "Karidhia! Kaona haya mtoto wa watu, karidhia!" Sebuleni wazee wakasema alhamdulillah kwa pamoja. Nasra akabaki ameachama. Hivyo ndivyo walivyoolewa bibi zake wote, kwa kimya, na yeye hilo alilijua tangu utotoni. Hasira ndiyo iliyomsahaulisha. Alitaka kuinuka apige kelele, lakini baba yake alikuwa ameshafika mlangoni, anapapasa ukuta kwa mkono mmoja, mwingine ameunyosha kumtafuta kichwa ambariki, na uso wake ulikuwa umelowa. Nasra akainamisha kichwa.

Siku zilizofuata simu ya Nasra iliita mpaka ikachoka. Mudrick aliandika, "Mke wangu mtarajiwa, mbona kimya?" Akaandika tena, "Au ndiyo mwali haongei mpaka ndoa?" akaweka na alama za kucheka. Kila ujumbe ulikuwa chumvi kwenye kidonda. Ofisini Mtumba alikosea hesabu ambazo angezifanya amelala, na shoga yake Zaitun wa meza ya pili akamvuta kando.

"Una nini wewe? Umechumbiwa au umefiwa?"

Nasra akamweleza yote. Zaitun akaziba mdomo kwa viganja.

"Shoga, sikutaka kukwambia. Lile gari mimi naliona Kizota kila nikipita, nyuma ya ile gereji yenye geti la bluu. Na yule dada yupo. Mwembamba, mrefu hivi? Juzi alikuwa anamfuta Mudrick shavu."

"Anamfuta shavu!"

"Kwa kitambaa. Kama hivi."

Lisemwalo lipo. Nasra hakusubiri saa ya kutoka. Aliomba ruhusa, akaenda nyumbani kwanza, maana vitani hakuendwi hovyo. Akavaa lile gauni la zambarau alilolishona kwa ajili ya sherehe, akapaka wanja, akajifunga mtandio wa hariri, akajipulizia manukato mpaka mwenyewe akapiga chafya. Kama ni kuachana, huyo mwanaume aone anachokiacha. Akawasha Datsun, akatimua vumbi mpaka Kizota.

Alipita geti la bluu bila kubisha. Nyuma, chini ya bati, MGB ilisimama boneti limeng'olewa kabisa. Mudrick alikuwa ameinama ndani, ameshika tochi, shati lake la thamani ya nusu mshahara limejaa grisi. Na yule mwanamke alikuwepo. Hakuwa na hereni wala rangi ya midomo. Alivaa ovaroli ya bluu iliyofungwa mikono kiunoni, na alikuwa anavuta mnyororo wa winchi. Kwenye mnyororo iliningʼinia injini, inatoka taratibu ndani ya gari, inachuruzika mafuta.

"Mudrick!" Nasra alisema.

Tochi ikaanguka. Mudrick alipomwona na lile gauni, uso ukamwisha rangi, na jambo la kwanza alilolifanya ni la ajabu: alikimbilia kuificha ile injini. Alisimama mbele yake, kanyosha mikono miwili.

"Usiangalie," alisema.

"Nisiangalie nini? Nimeshaona! Nimekuoneni Jumapili, mzunguko mzima umekuoneni! Uko saiti, uko peke yako na jua lako! Mwanamke huyu anaendesha gari ambalo mimi—" Sauti ikakatika. Kwa sababu pembeni ya kwapa la Mudrick, juu ya mfuniko wa ile injini, kulikuwa na maandishi makubwa, yamechoka lakini yanasomeka vizuri. Nasra akasogea. Akamsukuma mchumba wake kwa kidole kimoja. Akasoma.

"Toyota," alisema.

Chini, kwenye turubai safi, ililala injini nyingine, nzito, imepakwa rangi upya, na kabureta mbili kando yake.

"Mudrick. Hili gari lina injini ya Toyota?"

"Nililikuta hivyohivyo," Mudrick alisema chini chini. "Aliyeniuzia kule Arusha aliiendesha ile ya Kiingereza bila maji, akaiua, akafunga hii. Ile nyingine alinipa vipandevipande kwenye viroba. Siku ile sokoni uliniuliza mbele za watu, nikaona haya. Nikasema ya kwake. Baadaye nikashindwa kurudi nyuma, Nasra. Wewe ungeshika usukani ungejua palepale. Ungefungua boneti ungejua. Wewe si mtu wa kudanganywa gari."

"Kwa hiyo miezi yote hii," Nasra alisema polepole, "unamtukana Mjapani wangu. Mtumishi. Mwigaji. Na wewe mwenyewe unatembea na Mjapani tumboni!"

"Ndiyo maana nilitaka ile ya kweli irudi kabla ya ndoa. Ili nisikuoe na uongo. Restuta ndiye fundi."

"Na fundi anapaka rangi ya midomo?"

Yule mwanamke, Restuta, alikuwa amefunga mnyororo. Alijifuta mikono bila haraka. "Nilikuwa natoka kanisani, dada," alisema. "Nilitaka kujaribu gia na klachi kabla sijashusha injini. Mimi sijaribu gari nikiwa nimekaa kando, na Jumapili ndiyo siku yangu ya kuvaa. Mwanaume wako sina shida naye. Hata tochi hajui kushika, ananimulika machoni."

"Na kumfuta shavu?"

"Oili ilimwingia karibu na jicho. Ningemwacha apofuke?"

Nasra alitaka kuendelea na hasira, akaitafuta, akakuta imepungua. Lakini wivu haukuisha, msidanganyike, ulihama tu. Aliutazama ule usukani, akasema kwa sauti iliyomshinda kuidhibiti, "Hata kama. Ulimpa yeye kabla yangu. Yeye ulimwambia ukweli, mimi ukanificha. Mimi ndiye niliyekuwa nje."

"Ni kweli," Mudrick alisema. "Hapo sina la kujitetea. Lakini uliridhia, Nasra. Wazee walitoka wanasema umeridhia. Nilirudi kwangu nikalia. Nikajua ninao muda wa kurekebisha."

"Nani kakwambia niliridhia?"

"Si ulinyamaza?"

"Nilinyamaza kwa hasira! Nimetoka kukuona na hereni za watu, ningefungua mdomo ningekutukana mpaka Kondoa wasikie!"

Mudrick alikaa chini, juu ya tairi. Akaifuta mikono yake yenye grisi. Nasra alisubiri maneno matamu, mpenzi na laazizi na mama, maana huyu bwana hayakumkaukia mdomoni kamwe, akajiandaa kuyakataa. Hayakuja. Mudrick alitoa simu mfukoni.

"Unampigia nani?"

Simu ikaita, akaiweka sauti ya nje ili asikie kila mtu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu Mudrick." Alikuwa Mzee Mustapha.

"Baba, samahani kwa kukuambia hili kwa simu. Nimejua sasa hivi kwamba Nasra siku ile hakuridhia. Alinyamaza kwa uchungu. Mimi nilimdanganya jambo, na akaniona. Kosa ni langu lote, asilaumiwe yeye. Naomba posa yangu mhesabu kwamba haijajibiwa. Akikataa, wazee wangu nitawaambia mimi mwenyewe. Mke aliyenyamaza kwa hasira siwezi kumchukua, baba."

Aibu iliyokuwa iwaangukie Nasra na baba yake, mtu huyu alikuwa ameinama akaiokota, mbele ya fundi wake.

"Yuko hapo?" Mzee aliuliza.

"Yupo."

"Nasra."

"Abee baba."

"Ni kweli anayoyasema?"

"Ni kweli, baba. Nisamehe."

Upande wa pili kiti kilivutwa, mzee akakaa.

"Mama yako naye alinyamaza," alisema hatimaye. "Kule Kolo, wazee wangu walipopeleka posa. Walitoka wanacheka, wakaniambia karidhia. Nikafurahi. Tukaishi, tukakupata wewe, mpaka Mungu akamchukua, na sikuwahi kumuuliza siku ile alinyamaza kwa nini. Sasa nikikaa peke yangu najiuliza, na wa kunijibu hayupo." Akavuta pumzi. "Huyo kijana anakuuliza?"

Nasra alimtazama Mudrick. Alikuwa amekaa juu ya tairi lake, shati limeharibika, uongo wake unaningʼinia kwenye mnyororo mbele ya macho ya watu, na alikuwa anamtazama yeye tu, anaogopa jibu.

"Ananiuliza, baba," alisema, na hapo machozi yaliyokauka tangu Jumapili yakaja yote kwa pamoja, na wanja ukaharibika. "Huyu kaniuliza."

"Basi mjibu. Usimwonee haya mtu, wala mimi. Ukisema hapana, ni hapana, na nitawapigia Kondoa mimi mwenyewe."

Nasra alijifuta kwa ncha ya ule mtandio wa hariri. Akasogea mpaka kwenye simu, akainama ili asikosewe.

"Nimekubali," alisema. Akaona haitoshi, akapaza sauti mpaka mafundi wa gereji ya jirani wakaacha kugonga nyundo. "Baba, nimekubali! Namtaka! Na akinidanganya tena nitamwua!"

Simu haikukatwa. Walimsikia mzee akimwita shangazi Tabu, sauti inamtetemeka, akimwambia aje haraka, mtoto kasema.